Jina la Mti: Kuhakiki Ziara ya Mwandishi-Mchoraji katika Shule ya Msingi

Katika idara zetu za Kiswahili tumezoea kuhakiki kitabu kikiwa mezani. Tunachambua maudhui, tunachambua fani, tunataja wahusika na mandhari, kisha tunahitimisha. Mwandishi mwenyewe tunamwacha nje ya mlango, na sababu tunayo: kazi ikishachapishwa hujisimamia yenyewe. Hata hivyo, kuna fasihi moja ambayo mwandishi wake huingia mlangoni kwa miguu yake, akasimama mbele ya wasomaji, akawasomea, akawachorea na kujibu maswali yao. Hiyo ni fasihi ya watoto. Mwandishi wa riwaya ya watu wazima anaweza kuishi hadi uzeeni asimwone msomaji hata mmoja akifungua kitabu chake. Mwandishi wa watoto hualikwa shuleni, na kama ndiye pia aliyechora picha za kitabu hicho, huja na chaki au brashi mkononi.

Kwa maoni yangu, ziara ya namna hiyo ni sehemu ya kazi ya fasihi, na inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki utambaji wa ngano. Ina fanani, ina hadhira, ina mahali na wakati wake, na ina utendaji. Swali ninalotaka kulijibu katika makala hii ni moja: tuipime kwa kipimo gani? Makofi hayatoshi, kwa kuwa watoto humpigia makofi mgeni yeyote anayewatoa kwenye somo la hesabu. Idadi ya vitabu vilivyouzwa nayo haitoshi, kwa sababu anayenunua ni mzazi na anayesoma ni mtoto. Picha zinazopigwa na uongozi wa shule zinatuonyesha tu kwamba mgeni alifika.

Kipimo nitakachokitumia nimekipata ndani ya kitabu cha mwandishi-mchoraji wa eneo letu, John Kilaka wa Tanzania. Nimemchagua kwa sababu tatu. Kwanza, anaandika na kuchora mwenyewe. Pili, hadithi zake zinatoka kwenye masimulizi ya mdomo, kwa hiyo anaposimama mbele ya watoto anairudisha hadithi kwenye hali iliyokuwa nayo kabla ya kuwa kitabu. Tatu, mojawapo ya vitabu vyake inazungumzia jambo lile lile linalotokea, au linalopaswa kutokea, mtoto anapokutana na hadithi.

Kilaka alizaliwa Sumbawanga, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1966. Mtindo wake wa uchoraji ni wa Tingatinga, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia mbao laini na rangi za mafuta zinazong'aa, za aina iliyotumika kupakia baiskeli. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo: mnyama mmoja au wachache wakubwa, rangi kali zilizopakwa bapa, mistari iliyo wazi, bila kujali sana umbali na vivuli. Kilaka aliuchukua mtindo huo akaufanya usimulie. Picha ya kawaida ya Tingatinga humwonyesha mnyama. Katika vitabu vya Kilaka mnyama ana shughuli. Wanyama wake husimama kwa miguu miwili, huvaa nguo, hubeba mizigo, hugombana na hupatana.

Vitabu vyake vitatu vinavyojulikana zaidi nje ya Tanzania vilitoka kwa Kijerumani nchini Uswisi, mwaka 2001, 2004 na 2009. Kwa Kiingereza vinaitwa Fresh Fish, True Friends na The Amazing Tree. Viwili vya kwanza vilitolewa kwa Kiingereza na Groundwood Books ya Kanada mwaka 2005 na 2006. Nakala nilizoweza kuzipata mimi, mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi inayopakana na Tanzania, zilikuwa za Kiingereza. Jambo hilo nitalirudia, kwa kuwa si dogo.

Nianze na The Amazing Tree, ambacho humu nitakiita Mti wa Ajabu. Ukame umeikumba nchi na wanyama wana njaa. Mti mmoja umejaa matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki. Wanyama wanautikisa, hayaanguki. Inabidi mmoja wao aende kwa Kobe mwenye hekima kuuliza la kufanya. Sungura anajitolea, ila wakubwa wanamwambia kwamba ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Wanakwenda wenye miili mikubwa. Kobe anawapa siri: mti huo una jina, nalo ni Ntungulu Mengenye, na ukiitwa kwa jina lake utaachia matunda. Wakubwa wanaondoka na jina, na njiani linawatoka. Mwishowe anatumwa yule yule aliyedharauliwa. Sungura anafika, anapewa jina, analirudisha, na matunda yanaanguka.

Kisa cha aina hii si cha Kilaka peke yake. Jamii nyingi za Kibantu zinakisimulia, na katika masimulizi mengine Kobe, mwendapole, ndiye anayelifikisha jina. Katika usimulizi huu Kobe ni mtunza siri, na kazi ya kukumbuka imewekwa kwa Sungura. Mabadiliko haya yana maana kubwa kwa mhakiki. Sungura tunamjua. Waganda wanamwita Wakayima, Wanyarwanda wanamwita Bakame, na kila mahali ni mjanja anayewatia wakubwa mkenge. Katika Mti wa Ajabu hamlaghai mtu yeyote. Anachofanya ni kusikiliza neno geni, kulishika na kulirudisha likiwa zima. Shujaa wa kitabu hiki ameshinda kwa usikivu.

Tukivisoma vitabu vyote vitatu pamoja, tunaona mpangilio unaojirudia. Katika True Friends, Panya na Tembo ni marafiki. Tembo anajimilikisha akiba ya chakula ya Panya wakati wa ukame, Panya anaondoka, na ndipo wanyama wanapogundua kwamba Panya ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kuwasha moto. Katika Fresh Fish, Sokwe anapeleka samaki sokoni na Mbwa anawatamani. Wizi unapotokea, jamii ya wanyama inakaa pamoja kulihukumu jambo hilo. Kwa hiyo mara mbili kati ya tatu, kitu ambacho jamii nzima inakihitaji kimo mikononi mwa aliye mdogo kuliko wote: moto kwa Panya, jina kwa Sungura. Kilaka hawaambii watoto kwa maneno kwamba wadogo wana thamani. Anajenga kisa ambacho ndani yake wakubwa watalala njaa, au watakula chakula kibichi, wasipomsikiliza mdogo. Hapo ndipo anapowazidi waandishi wengi wa vitabu vya watoto katika eneo letu, ambao ukurasa wa mwisho huwa wa kutoa mawaidha.

Sasa tuangalie jina lenyewe, Ntungulu Mengenye. Kwa sikio la mtoto wa Kampala, Kigali au Bujumbura ni jina lenye utamu na ugumu kwa pamoja. Halikumbukwi kwa maana yake, bali kwa sauti zake, na namna pekee ya kulishika ni kulitamka tena na tena, hadi ulimi ulizoee. Msimulizi anayejua kazi yake hawezi kulisoma mara moja akaendelea. Atawafanya watoto walitamke. Kila mnyama mkubwa anapolisahau, watoto watalipiga kelele kumkumbusha, na mnyama katika kisa hatasikia. Wakati Sungura anaporudi, jina linakuwa limeshakuwa la watoto. Kitabu hiki, kwa muundo wake, kinaomba kusimuliwa mbele ya darasa. Kimebeba ndani yake nafasi ya hadhira, kama ngano inavyobeba kiitikio.

Basi kipimo changu ni hiki, nami nimekitoa kwenye kisa. Ziara ya mwandishi ina mambo mawili ya kutimiza. La kwanza, mtoto aondoke na jina: neno, sauti, mstari wa kuchora, kitu anachoweza kukirudisha mwenyewe mgeni akishaondoka. La pili, matunda yaanguke: kitabu kimfikie mtoto, akishike, akifungue tena. Ziara yenye jina bila matunda ni burudani ya siku moja, na ziara yenye matunda bila jina ni utoaji wa msaada.

Nilipata nafasi ya kukijaribu kipimo hiki nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Kampala. Alikuja mwandishi-mchoraji kutoka nchi jirani. Simtaji jina, wala siitaji shule, kwa kuwa ninachohakiki ni utendaji. Kitabu chake kilikuwa cha kuku anayekwenda sokoni kumtafuta kifaranga wake. Wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita walikusanywa katika ukumbi wa kulia chakula. Hotuba za kumkaribisha zilikula muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na watoto wa mbele walianza kuchezea kamba za viatu. Hatimaye mgeni akapewa nafasi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kusoma. Alikuwa na nakala moja mkononi. Alisoma ukurasa, akaigeuza nakala kuwaelekea watoto, akaizungusha polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akaendelea. Sauti yake ilikuwa nzuri na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini kitabu cha picha kimetengenezwa kwa ajili ya macho yaliyo karibu, na kutoka safu ya tano picha ilikuwa doa la rangi nyekundu na kijani. Watoto wa nyuma walisikia Kiswahili wasichokielewa vizuri, bila picha ya kuwasaidia. Walikaa kimya kwa adabu, na adabu ya watoto tunaijua sote: hukaa kimya huku wakisubiri kengele.

Sehemu ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Aliweka kitabu chini, akaenda ubaoni, akachora mstari mmoja uliopinda. Akauliza: "Hii ni nini?" Ukumbi ulilipuka. Nyoka! Kamba! Barabara! Akaongeza mstari wa pili, na barabara ikawa mgongo wa kuku. Akasema "mgongo". Mtoto mmoja karibu na dirisha akapaza sauti: "Omugongo!" Alikuwa ametambua kwamba neno la mgeni na neno la nyumbani kwao ni ndugu. Kuanzia hapo watoto wakawa wanavizia kila neno, waone kama litafanana na la Luganda au la. "Mdomo" halikufanana, wakacheka. "Manyoya" lilikaribia "ebyoya", wakabishana. Mgeni hakuharakisha. Kila neno lilikuja na mstari wake, na kila mstari ulikuja baada ya ubishi.

Sehemu hii ya pili inatuonyesha kile ambacho mwandishi-mchoraji anaweza kukifanya na mwandishi wa maneno peke yake hawezi. Picha iliyochapishwa imekwisha kukamilika. Mtoto anaitazama na kuikubali. Picha inayochorwa mbele yake bado haijaamua itakuwa nini, na kwa dakika hizo chache mtoto ana haki ya kukisia, kukosea na kupendekeza. Wananadharia wetu wa fasihi simulizi wanatuambia kwamba katika ngano hadhira humsaidia fanani kuijenga kazi. Katika ukumbi ule niliona hadhira ikimsaidia mchoraji kumjenga kuku. Neno lilikuwa halitangulii kitu wala kitu hakitangulii neno. Vilizaliwa pamoja ubaoni.

Siku iliyofuata niliwaomba wanafunzi wa darasa langu wachore kuku na kuandika majina ya viungo vyake. Waliandika mgongo, mdomo, manyoya na ukucha bila kuniuliza. Nilipowauliza kuku alikwenda sokoni kufanya nini, wengi walisema kuuza mayai. Kisa kilichosomwa kilikuwa kimewatoka njiani, kama jina lilivyowatoka wale wanyama wakubwa, na yaliyochorwa yalikuwa yamebaki. Kwa sehemu ya kwanza ya kipimo changu, basi, ziara ile ilifaulu nusu: watoto waliondoka na majina, ingawa hawakuondoka na hadithi.

Sehemu ya pili ya kipimo haikutimia. Mgeni alikuja na nakala chache za kuuza, na bei yake ilizidi uwezo wa wazazi wengi wa shule ile. Waliopata kitabu waliwekewa saini. Wasiopata walipanga foleni wakaomba saini kwenye majalada ya madaftari, na baadhi kwenye mikono yao, kwa wino wa kalamu. Mgeni aliiachia shule nakala moja kama zawadi, na uongozi, kwa nia njema ya kukitunza, ukakiweka kwenye kabati la ofisi lenye mlango wa kioo, pamoja na vikombe vya mpira wa miguu. Wanafunzi wanaotumwa ofisini wanakiona. Matunda yameiva, yanaonekana, na hayaanguki.

Hapa sina budi kumrudia Kilaka na lile suala la lugha, kwa kuwa kabati la kioo lina ukubwa mbalimbali. Baadhi ya wenzangu darasani wanadai kwamba vitabu kama vyake ni vya Wazungu: vimechapishwa Ulaya, vimechorwa kwa mtindo ambao tangu mwanzo ulipata wateja wake wengi kwa wageni wa Oyster Bay, na wanyama wake ndio wale wale wa mbuga za watalii. Nusu ya dai hili naikataa, na nusu naikubali.

Ninayoikataa ni ile ya picha. Kusema kwamba mtindo fulani ulianza kwa kuwauzia wageni si sawa na kusema kwamba hauwezi kuwahudumia wenyeji. Msomaji wa Uswisi akimwona mnyama aliyevaa nguo na kubeba mzigo ataona kichekesho. Mtoto wa kwetu ataona pia jirani yake. Atatambua namna mzigo unavyobebwa, namna watu wanavyokusanyika jambo likitokea, na namna mkubwa anavyosimama anapomkatisha mdogo maneno. Rangi za Tingatinga ni zile zile zilizo kwenye vibanda vya maduka na nyuma ya malori yetu. Mtindo huo hauhitaji mtoto afundishwe namna ya kuutazama.

Ninayoikubali ni ile ya njia ambayo vitabu vimepita. Hadithi zilikusanywa kwa wasimulizi wetu, zikachorwa kwa mkono wa Mtanzania, na watoto wa kwanza kuzishika kama vitabu hivyo walikuwa wa Ulaya. Sisemi hivyo kumlaumu mwandishi. Uchapishaji wa rangi kamili ni ghali, na mchapishaji wa kwetu anayejua kwamba soko lake ni vitabu vya kiada hawezi kuhatarisha mtaji wake kwa kitabu cha kurasa thelathini zenye picha. Aliyekichapa Uswisi alikiwezesha kuwapo. Lakini ukweli unabaki kwamba jina liliitwa hapa na matunda yakaangukia mbali. Mwanafunzi wa Kiswahili anayelazimika kusoma hadithi ya Rukwa kwa Kiingereza anaona kwa macho yake kwamba tatizo la fasihi ya watoto katika Kiswahili limo zaidi katika usambazaji kuliko katika vipaji.

Tanzania yenyewe imewahi kuonyesha njia nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulitumia utaratibu rahisi: mchapishaji akichapa nakala 5,000 za kitabu cha watoto cha Kiswahili kilichokubaliwa, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji anauza zilizobaki. Mchapishaji alikuwa na uhakika wa soko, na shule zikapata vitabu vya kusoma kwa raha, si vya mtihani. Utaratibu wa namna hiyo unapokuwapo, ziara ya mwandishi hubadilika maana. Mgeni huja shuleni kukutana na watoto ambao tayari wamekishika kitabu chake, wamekikunja pembe na wana jambo la kumuuliza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Uganda kuliko linavyoweza kumhusu mwenzetu wa Tanga au Mombasa? Kwa sababu huko Kiswahili humfikia mtoto kwa sauti nyingi, na kwetu kimetufikia kwa sauti chache, tena kali. Kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi wa miaka ile kikawa lugha ya mwenye bunduki. Jajja yangu, mama mzaa baba, hadi leo anapunguza sauti ya redio akisikia Kiswahili. Alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa maneno ya amri. Nilipomwambia kwamba ninasomea Kiswahili chuoni, aliniuliza kama ninaingia jeshini.

Tangu hapo serikali imechukua hatua zake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya nayaunga mkono, na ajira yangu ya baadaye inayategemea. Lakini somo la lazima nalo ni amri. Amri inaweza kuweka kipindi kwenye ratiba, ila haiwezi kumfanya mtoto apaze sauti karibu na dirisha kwa kugundua kwamba mgongo na omugongo ni kitu kimoja. Kizazi cha jajja kilikutana na Kiswahili kizuizini. Kizazi hiki kinaweza kukutana nacho kwenye mgongo wa kuku uliochorwa kwa chaki. Tofauti kati ya makutano hayo mawili ndiyo inayonifanya niamini kwamba ziara ya mwandishi-mchoraji ni suala la uhakiki wa dhati, na pia la sera ya lugha.

Najua kuna walimu wetu watakaopinga. Watasema kwamba mhakiki akianza kujadili bei, kabati na foleni ameacha fasihi na kuingia biashara. Hoja hiyo ina uzito kwa fasihi ya watu wazima, ambao wanaweza kujitafutia kitabu wanachokitaka. Mtoto hawezi. Kati yake na hadithi kuna mzazi, mwalimu, mwalimu mkuu, mchapishaji na wizara, na kila mmoja wao ana ufunguo wake. Uhakiki wa fasihi ya watoto unaosifu sanaa ya Kilaka na kunyamaza kuhusu nani anaifikia, unafanana na wanyama waliosimama chini ya mti wakijadili uzuri wa matunda.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri fedha kubwa, na mengi yanatuhusu sisi tutakaokuwa walimu wa Kiswahili hivi karibuni. Mgeni akialikwa, kitabu chake kitangulie, hata kwa nakala tano zinazozungushwa darasani kwa wiki mbili. Siku ya ziara asiombwe kusoma kitabu kizima kwa umati. Asimulie kwa kinywa, achore kubwa ubaoni, na watoto wawe na karatasi na penseli zao ili mkono wao ufuate wake. Madarasa yagawanywe, darasa moja baada ya jingine, badala ya shule nzima ukumbini. Hotuba ziwe fupi. Mwalimu wa Kiswahili asikae nyuma na wageni waalikwa. Aandike maneno yanayozaliwa ubaoni, kwa kuwa yeye ndiye atakayeyaendeleza kesho yake. Na nakala inayobaki shuleni ipewe wanafunzi waitunze wenyewe, wakijua kwamba kitabu cha picha kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kilaka ametupa kisa ambacho ndani yake jamii nzima inaokolewa na mdogo aliyesikiliza vizuri na kulishika neno geni. Watoto wetu wanaweza kulishika neno hilo; nimewaona wakifanya hivyo kwa chaki moja na chini ya saa moja. Wamefanya sehemu ya Sungura. Sehemu iliyobaki, ya kufungua kabati, ni ya wakubwa, na katika kisa kile wakubwa ndio waliokuwa na tabia ya kusahau.